Felicitas Wambeti na Sahani ya Mjukuu

Watu wa vilima vya Runyenjes walipotaka kuoza binti, walikwenda kwanza kwa padri, kisha kwa Felicitas Wambeti. Padri aliwapa tarehe. Felicitas aliwaambia kama tarehe hiyo ingefaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua mahindi yangekuwa yamekomaa kiasi gani, na kama majani ya malenge yangekuwa bado laini au yamekwisha kuwa magumu. Ilipotokea kwamba hawakupatana, padri ndiye aliyebadilisha tarehe.

Alikuwa amejifunza kazi ya jiko kwa watawa, miaka michache baada ya Uhuru, wakati wasichana wa misheni walipofundishwa kushona, kuhesabu na kusoma Katekisimu, na waliokuwa na mkono mzuri wakabakizwa jikoni. Kwa watawa alijifunza mikate na supu. Mukimo alifundishwa na mama yake mzazi, na mukimo ndio uliompa jina. Kila mwanamke wa pande zile huchemsha mahindi, maharagwe, ndizi mbichi au viazi, na majani ya malenge, akaviponda pamoja katika sufuria moja. Lakini wengine waliponda mpaka mikono ikachoka. Felicitas aliponda mpaka kila kilichomo kikasahau kilivyokuwa. Hukuona punje wala uzi wa jani. Alikuwapo mzee mmoja wa kanisa aliyeapa tangu utoto kwamba hali malenge, na kwenye arusi moja alikula sahani mbili, akauliza ni kitu gani kilichokipa chakula kile utamu. Wanawake walicheka mpaka wakaegemeana. Felicitas alimwongezea.

Mumewe, Runji, alifariki mapema. Alimwachia shamba dogo la kahawa, migomba kando ya kijito, na mabinti wawili. Mkubwa, Wanjira, aliolewa na Njoka, mfanyabiashara wa ndengu, ndizo choroko, huko Ishiara, chini kwenye joto la Mbeere. Mdogo, Igoki, alibaki karibu na nyumbani, na huko akafa kwa homa ya mapafu, akaacha mtoto wa kike wa kubebwa. Watu wa baba wa mtoto walihudhuria mazishi, wakanawa mikono, wakarudi kwao. Hivyo Felicitas akaanza upya kulea, katika umri ambao wenziwe walikuwa wakilelewa.

Mtoto aliitwa Wanjugu. Alikuwa na sura nzuri, na macho yaliyopita kando ya uso wa mtu kana kwamba nyuma yake kulikuwa na jambo la maana zaidi. Hakuitika jina lake. Alipofurahi alivuma, sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama kinu cha kusaga mahindi kinachosikika kutoka ng'ambo ya bonde. Alipofika umri wa kwenda shule ya chekechea, maneno yake yalikuwa bado machache sana, na hata hayo aliyasema kwa migomba kuliko kwa watu.

Tena hakuwa mtu wa kula. Alikula ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa, hazina kitu ila chumvi, zikiwa vuguvugu, kutoka mkono wa nyanya yake. Juu ya hizo alikunywa chai ya maziwa iliyopoa. Hapo ndipo chakula chake kilipoishia. Punje moja ya mahindi ikianguka katika sahani, sahani nzima ilikuwa imeharibika, na mtoto alilia huku akijiuma mkono mpaka ngozi ikabadilika rangi.

Katika nchi ile, kukataa chakula nyumbani mwa mtu ni sawa na kukataa kushikwa mkono. Wanjugu alikataa katika kila nyumba aliyopelekwa, mbele ya kila mwenyeji, na aibu ilimwangukia nyanya yake mara mbili, kwa kuwa ndiye mpishi wa parokia. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba Felicitas analisha kanisa zima, ila wake anamshinda. Mwingine, aliyekuwa na nia njema, alimshauri amwache mtoto na njaa, njaa ingemfundisha. Felicitas alijaribu. Wanjugu hakuomba chakula wala hakulia. Alijilaza ukutani akanyamaza, na hata kuvuma akaacha, na kufikia jioni ya siku ya pili midomo yake ilikuwa imepasuka. Felicitas alimpondea ndizi, naye hakurudia tena jambo lile.

Miaka ile pikipiki zilikuwa zimeanza kuchukua mahali pa baiskeli, na mtu aliweza kufika barabara kuu kwa wepesi. Siku moja alimfunga mtoto mgongoni, ingawa alikuwa amekuwa mzito, akaenda naye Embu mjini kwenye kliniki ya watoto. Huko alimkuta dada kijana wa Kimeru, mhudumu wa kliniki ile, mzaliwa wa Laare, jina lake Ednah Mukiri. Ednah hakumshika mtoto. Aliketi sakafuni mbali naye kidogo, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Felicitas neno ambalo alikuwa hajawahi kulisikia: usonji. Akamweleza kwamba si laana wala si malezi mabaya. Mtoto kama huyu huonja, hunusa na kusikia vitu kwa nguvu kuliko sisi, na chakula kipya kwake si chakula, ni jambo la kutisha lililowekwa mezani.

Felicitas alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na mazoea ya kuficha haya kwa mzaha, akasema, "Kwenu Laare mnatafuna majani ya miraa kutwa nzima, na leo wewe ndiwe unayenifundisha mimi mambo ya kula?"

"Nyanya, mimi nimezaliwa kwa watu wanaojua kubagua," Ednah akamjibu. "Baba yangu akiletewa kitita cha miraa ya jana, anakirudisha kabla hajakifungua. Huyu mtoto ni wa kwetu kabisa."

Wakacheka wote wawili, na tangu siku ile wakapatana.

Maagizo ya Ednah yalikuwa mepesi kuyasikia na mazito kuyashika. Achague chakula kimoja kipya, kimoja tu. Felicitas akachagua maharagwe. Yawekwe katika bakuli lake peke yake, mwisho wa meza, mbali na sahani ya mtoto, na mtu mwingine ayale bila kumtazama. Asimsihi, asimkemee, na hata akithubutu kugusa, asimpigie makofi. Bakuli lisogee kidogo kidogo, kwa kadiri mtoto atakavyoliruhusu.

"Na ukisahau mengine yote," Ednah alisema, "hili usilisahau. Usifiche kitu ndani ya ndizi zake. Hata chembe."

Felicitas akaahidi.

Basi ukaanza mwendo wa polepole ambao majirani hawakuuelewa. Mwanzoni Wanjugu aliinuka mezani kila bakuli lilipotokea. Baadaye aliketi, lakini akageuza mgongo. Ilipita kahawa ya msimu mmoja, ikachumwa na kupelekwa kiwandani, kabla hajakubali bakuli likae katikati ya meza. Kisha siku moja, wakati mvua ilipokuwa ikipiga mabati, alinyoosha kidole akagusa haragwe moja. Aliligusa kama mtu anavyogusa pasi kuona kama imepata moto. Siku nyingine alilichukua akalinusa. Na asubuhi moja ya Jumapili, akiwa tayari amevishwa nguo ya kanisani, alilitia mdomoni, akalishika kati ya midomo yake kitambo kidogo, akalirudisha katika bakuli. Felicitas aliondoka akaenda nje, akasimama nyuma ya nyumba, maana alikuwa amekatazwa kupiga makofi na uso wake haukuwa umekatazwa lolote.

Katika msimu uleule miguu ya Felicitas ilianza kuvimba. Kupanda kutoka kijitoni kulimtoa pumzi. Daktari wa Embu alimpima, akamwambia kwamba moyo wake umepanuka na umechoka, na kwamba dawa zingemsaidia kwa muda. Felicitas akamwuliza kama ataziona mvua ndefu za mwaka ujao. Daktari aliangalia dirishani kana kwamba mvua zile zingeweza kuonekana kutoka pale, akasema ni Mungu ajuaye.

Tangu hapo hakupata amani. Hakuogopa kufa, alikuwa amefumba macho ya wafu wengi kwa mikono yake mwenyewe. Aliogopa sahani moja. Akifa yeye, Wanjugu angekwenda kwa Wanjira, Ishiara, na hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Ishiara ndizi huletwa kwa lori, zikafika nusu zimeiva, na mtoto hakuzigusa zilizoanza kuwa tamu. Tena Wanjira alikuwa na watoto wanne wake mwenyewe, na mkono wake haukuwa mkono wa nyanya. Mtoto anayekula chakula kimoja, kutoka mkono mmoja, ataishije mkono ule ukishazikwa? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, na akilitazama lile bakuli la maharagwe likisogea upana wa ukucha kwa mwezi, lilimwonekea kama mtu anayetembea kwa raha huku nyumba inaungua.

Ndipo akafanya jambo ambalo mpishi wa mukimo ndiye angelifanya. Alichemsha maharagwe meupe mpaka yakaiva sana. Akayamenya moja moja, maganda yote, pasibaki hata kipande cha kuonekana. Akaziponda ndizi, akatia vijiko viwili vya maharagwe yale, akaponda tena. Aliponda jinsi alivyopondea maaskofu. Kilichobaki katika sufuria kilikuwa na rangi ileile, ulaini uleule, chumvi ileile. Alionja mwenyewe, yeye aliyekuwa na ulimi wa kujua kuni zilizotumika, wala hakutambua kitu. Akajiambia kwamba mtoto akishakula wiki moja bila kujua, atakuwa amekwisha kula, na mwili utakuwa umezoea. Ndivyo alivyokuwa amemshinda yule mzee wa malenge, na ndivyo alivyowashinda watu maisha yake yote.

Wanjugu alipokea kijiko cha kwanza. Akakishika mdomoni. Kisha akafungua kinywa, kile chakula kikaanguka polepole juu ya kifua chake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimtazama nyanya yake usoni. Hakulia. Aliitazama sahani, akautazama tena uso wa Felicitas, akashuka kwenye kiti akaenda kukaa migombani.

Jioni Felicitas alimpondea ndizi safi, katika sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mtoto hakukaribia. Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na keshokutwa, na kila mara Wanjugu aliinusa sahani kutoka mbali akaondoka. Bakuli la maharagwe nalo hakulitazama tena. Ilibaki chai peke yake, kisha hata chai akaanza kuichungulia ndani kabla ya kuinywa, na nyingine akaimwaga. Mifupa ya mabega yake ikachomoza. Alipoanguka akiwa anatembea kwenye ukingo wa shamba, Felicitas aliita pikipiki, wakashuka naye Embu, na huko mtoto akatiwa maji kwenye mshipa wa mkono huku wauguzi wawili wakimshikilia.

Ednah alifika wodini mchana. Felicitas alikuwa ameketi kando ya kitanda, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Nilichanganya," alisema.

"Najua, Nyanya."

"Nani amekwambia?"

"Mtoto haachi chakula chake bure."

Felicitas alitaka kukemewa. Kukemewa kungalikuwa afadhali. Ednah hakumkemea. Alivuta kiti, akamweleza kwa upole kwamba zile ndizi zilikuwa kwa mtoto kama nyumba ndogo ya kujihifadhi, na sasa mtu ameingia mle bila kubisha hodi, ndiyo sababu hakai tena mle. Huenda asirudi kwa ndizi kabisa. Itabidi waanze kwa kitu kingine ambacho hakifanani nazo, mahali pengine, kwa sahani nyingine.

"Na mkono wangu?" Felicitas akauliza.

Ednah alikunja shuka la mtoto kwenye pembe, akalikunjua. "Mkono wako pia anaushuku, Nyanya. Kwa sasa na uwe mkono wa mtu mwingine."

Hivyo Wanjugu akapelekwa Ishiara kabla ya wakati, na Felicitas akamfuata, maana hakuweza kubaki juu huku hajui kama mtoto amekula.

Ishiara kulikuwa na joto la kuunguza nyayo. Wanjira aliwapokea vizuri, kwa haraka haraka ya mtu mwenye kazi nyingi. Binti huyu wa mpishi mashuhuri hakuwahi kujua kupika. Tangu usichana hakuwa na subira ya kuponda. Alichemsha kila kitu peke yake na kukipakua peke yake, ugali huku, ndengu kule, mboga pembeni, na mama yake alikuwa akimwambia mbele ya wageni kwamba chakula chake ni kama watu waliogombana. Njoka, mumewe, alikuwa akicheka na kusema kwamba angalau yeye anajua anachokula.

Siku za kwanza mtoto aliishi kwa maziwa aliyoyanywa kutoka chupa iliyofungwa, baada ya kuiona ikifunguliwa. Wanjira hakumfuatafuata. Hakuwa na nafasi. Aliweka chakula, akawaita watoto wake, akarudi kwenye ndengu zilizokuwa zikipepetwa uani. Na adhuhuri moja, sufuria ya ugali ikiwa imegeuzwa kando ya jiko ili ipoe, Wanjugu alikwenda akabandua ukoko uliokuwa umeshika ukutani mwa sufuria. Ulikuwa mkavu, mwembamba, wa rangi moja, hauna kitu ndani yake kinachoweza kufichwa. Aliuvunja, akausikiliza ukivunjika, akautia mdomoni. Akatafuna. Akabandua mwingine.

Wanjira aliona akiwa uani, akaendelea kupepeta. Siku iliyofuata aliacha sufuria pale pale makusudi, na ugali akauchelewesha motoni ukoko upate kuwa mnene. Mtoto alikula tena. Jioni, Felicitas aliposimuliwa, alikaa kitako akalia kwa furaha, kisha akataka kuona kwa macho yake.

Aliona. Aliketi karibu na mlango wa jiko, na Wanjugu akaja, akamwona, akasimama. Felicitas, kwa mkono uliokuwa umezoea kulisha, alibandua kipande kizuri cha ukoko akamnyooshea. Mtoto alikitazama kipande, akautazama mkono. Akatoka nje bila kitu, na siku hiyo hakula tena, hata nyanya yake alipokuwa amehamia upande mwingine wa nyumba. Kesho yake ilikuwa hivyohivyo: kila aliposikia sauti ya Felicitas jikoni, alirudi nyuma. Siku Felicitas alipokwenda Misa asubuhi, mtoto alikula ukoko na, kwa mujibu wa watoto wa Wanjira, alitia ndengu moja mdomoni akaitema.

Wanjira alibeba maneno yake siku nzima kabla ya kuyasema. Walikuwa wawili tu, wakichambua mawe kwenye ndengu.

"Mama, usinielewe vibaya."

"Sema."

"Ukiwa hapa, mtoto hali."

Felicitas aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, hata hivyo havikukosea. Aliuliza kama ukoko ule humtosha. Wanjira akasema haumtoshi, lakini sasa ananusa vingine, na Ednah amempa namba ya simu, na wataongeza polepole, kimoja kimoja, kila kitu na sahani yake. Felicitas akamwuliza kama atakuwa na subira. Wanjira akasema subira hana, mama mwenyewe anajua, lakini atamwacha mtoto aende kwa mwendo wake.

"Usimchanganyie kitu," Felicitas alisema.

"Sijui hata kuchanganya, Mama."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walitabasamu kidogo, na tabasamu likaisha.

Felicitas alikuwa ameomba jambo moja tu kwa Mungu tangu siku ile ya daktari: kwamba Wanjugu aweze kula kwa mkono usio wa nyanya yake. Alikuwa amelipata. Alilifikiria hilo wakati akifunga nguo zake chache katika kanga ili arudi Runyenjes, na hakujua amshukuru Mungu kwa sauti gani.

Adhuhuri ikafika. Njoka alikuwa amemwita mtu wa pikipiki, naye alisubiri barabarani, kivulini mwa duka. Felicitas alikwenda kusimama nyuma ya ghala, mahali ambapo mtoto asingeweza kumwona wala kumnusa, akaegemea ukuta kwa sababu ya pumzi. Jua lilikuwa limesimama kichwani. Alisikia sufuria ikigeuzwa. Kisha akasikia, hafifu sana, kitu kikavu kikivunjika menoni, na baada yake ile sauti moja isiyopanda wala kushuka, ambayo alikuwa hajaisikia tangu siku ile alipochanganya maharagwe.

Wanjira alitokea kwenye kona ya nyumba, akamwashiria kwa kichwa kwamba mtoto anakula.

Felicitas akachukua furushi lake. Hakuingia kuaga, maana mtoto alikuwa bado hajamaliza.